Kuona, Kuonya na Kuonana: Kiswahili Mbele ya Sanaa ya Kisasa Mjini Kassel

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kuzungumzia sanaa ya kisasa mara nyingi huanza na kuishia kwenye orodha ya istilahi. Hukusanywa maneno ya Kiingereza na Kifaransa, hutafutiwa visawe, na orodha ikishachapishwa hudhaniwa kwamba kazi imekwisha. Njia hiyo ina manufaa yake, lakini hailijibu swali la msingi. Wazungumzaji wa Kiswahili wanaposimama pamoja mbele ya kazi ya sanaa wasiyoizoea, tena ugenini, husemaje? Je, hubaki ndani ya lugha yao, au huihama mara tu mazungumzo yanapokuwa mazito? Mhadhara huu unalichunguza swali hilo kwa kufuata ziara ya marafiki katika maonyesho ya Documenta, mjini Kassel, Ujerumani, na hasa maonyesho ya kumi na tano yaliyofanyika mwaka 2022.

Ili mjadala usielee hewani, ichukuliwe kwamba kundi hilo lina watu watatu: mmoja mwenyeji wa Mombasa, wa pili wa Mwanza, na wa tatu wa Lubumbashi. Watu hao ni wa mfano tu. Kazi za sanaa wanazokutana nazo ni za kweli, na maneno wanayohangaika nayo ni yale yale ambayo mzungumzaji yeyote wa Kiswahili angehangaika nayo.

Documenta ilianzishwa na Arnold Bode mwaka 1955, miaka kumi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, katika mji uliokuwa umebomolewa vibaya kwa mabomu. Maonyesho ya kwanza yaliwekwa ndani ya jengo la Fridericianum, lililofunguliwa mwaka 1779 likiwa miongoni mwa majumba ya kwanza ya makumbusho barani Ulaya kujengwa kwa ajili ya umma, na ambalo wakati huo lilikuwa gofu. Nia ilikuwa kuwarudishia Wajerumani sanaa ambayo utawala wa Kinazi uliipiga marufuku. Tangu hapo maonyesho yamekuwa yakirudi, siku hizi kila baada ya miaka mitano, na kila mara hudumu kwa siku 100. Mwaka 2002 yaliongozwa na Okwui Enwezor, mzaliwa wa Nigeria, ambaye alikuwa wa kwanza kutoka nje ya Ulaya kupewa jukumu hilo. Miaka ishirini baadaye uongozi ulikabidhiwa kikundi kizima, ruangrupa cha Jakarta, Indonesia, kilichoanzishwa mwaka 2000. Uamuzi huo wa pili ndio uliozaa mambo yanayohusu lugha moja kwa moja.

Mzizi -ona na ukoo wake

Kabla ya kufika Kassel, inafaa kulitazama neno lenyewe la maonyesho. Mzizi wake ni -ona, na ni mizizi michache ya Kibantu iliyozaa wana wengi kama huu. Kutokana na -ona Kiswahili kimepata maoni, maono, mwonekano, onyo, maonyesho na kuonana. Aidha, kuona kwa Kiswahili hakukomei machoni. Mtu huona njaa, huona baridi, huona haya, huona uchungu. Hakuna jicho linaloiona haya. Ni mwili na nafsi vinavyoihisi.

Umbo la kutendesha la kale la -ona ni -onya, sawa na -pona kuwa -ponya na -kana kuwa -kanya. Kuonya, kwa asili yake, ni kumfanya mtu aone. Maana ya kutahadharisha iliposhika nguvu, lugha ilihitaji umbo jingine la kubeba ile maana ya awali, na hivyo kikazaliwa kitenzi -onyesha, ambacho kwa hakika kimetendeshwa mara mbili. Ndiyo sababu ya ule ubishi usiokwisha baina ya onyesha na onesha. Wanaotetea onesha wanasema kiambishi kiungane moja kwa moja na -ona, ili mtu asichanganye maonesho na maonyo. Hoja yao ina mantiki. Hata hivyo, umbo onyesha linahifadhi kumbukumbu ambayo onesha linaifuta, kwamba kumwekea mtu kitu mbele ya macho na kumtahadharisha ni matendo mawili ya tumbo moja. Katika mhadhara huu limetumika onyesha kwa sababu hiyo, na kama itakavyodhihirika, matukio ya Kassel yaliipa sababu hiyo uzito usiotarajiwa.

Kuna jambo jingine. Kwa mtu wa Mwanza au wa Dar es Salaam, neno maonyesho likitajwa peke yake haliiti picha ukutani. Linaita Sabasaba na Nane Nane: mabanda, ng'ombe wa maziwa, mahindi ya mbegu mpya, msongamano na vumbi. Tena katika vyuo vikuu vya Tanzania, sanaa za maonyesho ni tamthilia, ngoma na vichekesho, ilhali maonyesho ya sanaa ni michoro na vinyago. Mgeni wa lugha huona hapo mkanganyiko. Mwenyeji wa lugha huona kwamba maonyesho, kwa Kiswahili, ni shughuli ya watu kukusanyika. Chumba cheupe chenye ukimya, ambamo mtu hutazama peke yake na kuogopa kukohoa, ni mapokeo ya mahali pengine.

Ghala, majilisi, sahibu

ruangrupa hawakuleta Kassel mada, walileta neno. Neno hilo ni lumbung, yaani ghala la mpunga ambamo wanakijiji wa Indonesia huweka ziada ya mavuno kwa ajili ya wote. Kwa mujibu wa dhana hiyo, vikundi vya wasanii kutoka pande mbalimbali za dunia vilialikwa, na kila kundi lililoalikwa likaruhusiwa kualika wengine. Waliogawana fungu moja la fedha waliketi pamoja kuamua matumizi yake. Badala ya kuuliza nani msanii bora, waliuliza nani ana nini cha kuchangia.

Marafiki watatu wanalitafutiaje neno lumbung Kiswahili? Jibu la haraka ni ghala, lakini ghala la Kiswahili cha leo ni la serikali au la mfanyabiashara. Linaweza hata kuwa la silaha. Yule wa Mwanza anapendekeza kihenge, ambacho angalau kina harufu ya nafaka na kijiji, ila kihenge ni cha kaya moja. Yule wa Mombasa analeta harambee, kisha anajirudi mwenyewe, kwa kuwa harambee ni kuchangia jambo fulani likamalizika, na hakuna kitu kinachobaki kimehifadhiwa. Ujima unakaribia, lakini ni wa kazi kuliko wa akiba. Upatu ni wa akiba, lakini chungu chake huzunguka na kila mmoja hukipokea kwa zamu, wakati lumbung haina zamu. Mazungumzo kama hayo, yanayoweza kuchukua saa nzima kwenye benchi la bustani, hayamalizi tafsiri. Yanafanya kazi kubwa zaidi ya hiyo: yanaipima dhana ya Kiindonesia kwa vipimo vitano vya Afrika Mashariki, na kila kipimo kinafichua upande wake mmoja. Mtu aliyesoma maelezo ya Kiingereza pekee hakupata zoezi hilo.

Maneno mengine hayakuhitaji kutafsiriwa kabisa, na hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kusimama kwa muda mrefu kidogo. Vikao vya waalikwa viliitwa majelis. Siku za mijadala na burudani ya wazi ziliitwa Meydan. Waliowatembeza wageni katika maonyesho na kuzungumza nao waliitwa sobat, au kwa wingi sobat-sobat, yaani rafiki, marafiki.

Mzungumzaji wa Kiswahili anayafahamu yote matatu. Majelis ni majilisi, mahali pa kukaa na kuzungumza, kutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuketi. Waswahili wa Oman na nchi za Ghuba wanalitumia neno hilo kila siku kwa ukumbi wa kupokelea wageni. Meydan ni medani, ambalo katika Kiswahili limeegemea zaidi kwenye uwanja wa vita, kisha likapanuka kuwa medani ya siasa na medani ya fasihi. Na sobat, umbo la mazungumzo la sahabat, ni ndugu wa sahibu, suhuba na masahaba, yote ya mzizi mmoja wa Kiarabu wa kuandamana na mtu. Kiindonesia hufanya wingi kwa kurudufu neno, Kiswahili kwa kiambishi, lakini rafiki ni yule yule. Maneno hayo yalienea pande zote mbili za Bahari ya Hindi kwa biashara na dini, na yakaja kukutana tena Hessen, mbali na pwani yoyote. Kwa Mjerumani aliyesimama kwenye foleni, istilahi hizo zilikuwa ngeni na pengine za kuchosha. Baadhi ya wahakiki walizilalamikia waziwazi. Yule wa Mombasa alizisikia kama mtu anayesikia jina la ukoo wake likiitwa katika stesheni ya ugenini.

Yapo pia ya kwao peke yao, kama nongkrong, yaani kukaa pamoja na kupiga soga bila ajenda. ruangrupa walilifanya kuwa mbinu ya kazi, na kaulimbiu yao iliwataka watu wafanye urafiki badala ya kufanya sanaa. Kwa Kiswahili ni kukaa barazani, au kijiweni kwa lugha ya vijana wa Tanzania. Historia ya neno baraza inaonyesha kwamba wazo hilo si la utani. Kutoka kwenye kibao cha mawe mbele ya nyumba ya Lamu au Zanzibar, neno limepanda hadi Baraza la Mawaziri na Baraza la Kiswahili. Lugha iliyokifanya kiti cha nje kuwa jina la chombo cha dola ilikwisha kukubali zamani kwamba soga huweza kuzaa maamuzi.

Mabati, mitumba na visu

Mlango wa jengo la documenta Halle ulikuwa umefunikwa kwa mabati. Ili kuingia, mgeni alipita ndani ya njia nyembamba yenye giza iliyojengwa kwa mabati hayo, kazi ya kikundi cha Wajukuu kutoka Mukuru, Nairobi, mtaa wa mabanda uliopo katika eneo la viwanda. Umbo la mlango huo lilitokana na vitu viwili kwa pamoja, nyumba za mabanda na nyumba ya jadi ya Wamasai.

Kazi ya aina hii, ambayo mtu huingia ndani yake badala ya kuitazama kwa mbali, imekuwa ikitafutiwa jina la Kiswahili kwa muda. Usakinishaji umependekezwa na wengi, na wengine wameukataa kwa hoja kwamba ni neno la mafundi wa kompyuta. Hoja hiyo inasahau nasaba ya neno. Kusakini ni kukaa mahali, kufanya makazi, na kusakinisha ni kumfanya mtu au kitu kikae. Kompyuta ndiyo iliyoazima kwa makazi. Kwa kazi ya Wajukuu hakuna neno linalofaa zaidi, maana walichokifanya ni kuisakinisha Mukuru katika mlango wa jumba la Ulaya, hata asiyetaka kuiona akalazimika kupitia.

Hisia za wageni wawili mbele ya mabati haziwezi kuwa sawa. Wahakiki wa Ulaya waliona umaskini, kisha ubunifu ndani ya umaskini. Marafiki watatu wanaona kwanza bati lenyewe: geji yake, kutu yake, kelele zake mvua inaponyesha, joto lake saa nane mchana. Nyumba ya bati kwao ni mahali ambapo mtu wanayemfahamu amelala. Ni vema kukiri kwamba ujuzi huo nao unaweza kupofusha. Anayekijua kitu sana hukosa kuuliza kimewekwa pale kwa nini, na inawezekana mwenzao wa Kijerumani akauona mpangilio wa giza na mwanga vizuri zaidi kuliko wao. Lakini jina la kikundi halikumhitaji mkalimani. Wajukuu ni neno lenye uzito katika lugha inayohesabu vizazi kwa majina, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kining'ina, na ambamo mjukuu ana haki ya kumtania babu yake. Mwaka 2022 Wajukuu walipewa Tuzo ya Arnold Bode, inayotolewa Kassel kwa jina la mwasisi wa maonyesho.

Ndani ya jengo palikuwa na kazi ya Ngugi Waweru, iliyoundwa kwa visu vilivyolika kwa kunolewa na kuitwa kwa methali ya Kikikuyu isemayo kwamba kisu kilichonolewa kupita kiasi humkata mwenyewe. Anayeijua methali ya Kiswahili kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama husimama hapo akiwa na fikra mbili zinazogombana. Katika Kiswahili makali ni faida na asiye nayo hukaa na njaa. Katika Kikikuyu cha Waweru makali yana mpaka, na mpaka huo ni mkono wa mshikaji. Visu vyenyewe, vyembamba kama majani ya muwa, vinaunga mkono upande wa pili, kwa kuwa kila kunoa kulikipunguza kisu. Mjadala kati ya methali mbili za majirani, ukifanyika kwa Kiswahili mbele ya chuma halisi, ni uhakiki wa sanaa kamili. Haukosi istilahi yoyote.

Nje, kwenye uwanda wa bustani ya Karlsaue, kikundi kingine cha Nairobi, The Nest Collective, kilijenga kibanda kwa marobota ya nguo kuukuu na ndani yake kikaonyesha filamu. Kazi iliitwa Return to Sender, maneno ya posta yenye maana ya barua irudi kwa aliyeituma. Hapo marafiki watatu hawakuhitaji kusoma kibao. Walisema mitumba.

Neno hilo ni hazina. Kamusi za zamani zinatoa maana ya mtumba kuwa furushi au robota, hasa la nguo, na katika karne ya 19 mizigo ya misafara iliyokuwa ikitoka pwani kwenda bara ilijaa vitambaa, mojawapo merikani, pamba iliyopewa jina la nchi ilikotoka. Mpagazi aliubeba mtumba wa nguo mpya kuelekea bara. Leo mitumba ni nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani, zikafungwa, zikauzwa kwa uzito. Waganda husema mivumba. Robota ni lile lile na bahari ni ile ile, ila nguo sasa zinafika zikiwa na jasho la mwingine. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa uingizaji wa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya ushuru, nchi nyingine zikalegeza msimamo, na Rwanda iliyoshikilia msimamo wake ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi mwaka 2018. Haya yote yamo ndani ya neno moja la silabi tatu. Hata hivyo kibanda cha Karlsaue kiliacha upande mmoja wa jambo. Kilisema kuhusu taka, na ni kweli kwamba sehemu ya kila robota ni taka. Hakikusema mengi kuhusu mama muuzaji anayesomesha watoto kwa mtaji wa robota moja, wala kijana anayejua kuchagua shati zuri chini ya rundo. Ni jambo la kutarajiwa kwamba yule wa Mwanza, pengine akiwa amevaa shati la mtumba wakati huo huo, angelisema hilo kwa sauti, na kwamba wenzake wangebishana naye.

Ukumbusho wa Lubumbashi

Rafiki wa tatu ana jambo la kuwakumbusha wenzake. Uhakiki wa sanaa kwa Kiswahili haukusubiri mihadhara ya vyuo vikuu. Kati ya mwaka 1973 na 1974, mjini Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yake, iliyokuwa ikiitwa Zaire, katika mfululizo wa picha zipatazo 100, na akaieleza picha moja baada ya nyingine kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Walizungumza Kiswahili cha Shaba. Mazungumzo yalinaswa kwenye kanda, na kitabu cha Fabian kuhusu picha hizo kilitoka mwaka 1996. Mwaka 2017 kazi za Tshibumba zilikuwa sehemu ya Documenta ya kumi na nne.

Katika Kiswahili hicho, ambacho walimu wengi wa Kiswahili sanifu wangekisahihisha kwa kalamu nyekundu, kulikuwa na nadharia ya picha. Msingi wake ulikuwa neno ukumbusho. Picha iliyostahili kutundikwa sebuleni ni ile yenye ukumbusho, inayomfanya mtazamaji akumbuke na kisha asimulie. Uzuri pekee haukutosha. Watafiti wa sanaa wa Ulaya waliishughulikia dhana hiyo kwa uzito, na ni aibu kidogo kwamba haijaingia katika orodha nyingi za istilahi za sanaa zilizotungwa na Waswahili wenyewe. Sababu si ngumu kuikisia. Istilahi hutafutwa kwa wenye vyeti, na Tshibumba hakuwa nacho. Kituo cha sanaa cha Waza, kilichopo Lubumbashi hadi leo, kimejipa jina kwa kitenzi cha Kiswahili. Huenda ndicho kituo pekee cha sanaa ya kisasa ambacho jina lake ni amri.

Turubai la Friedrichsplatz

Ziara ya Kassel mwaka 2022 haiwezi kuelezwa bila jambo lililoitikisa. Siku za ufunguzi, katika uwanja wa Friedrichsplatz, lilitundikwa turubai kubwa la kikundi cha Taring Padi cha Yogyakarta. Lilichorwa mwaka 2002 kuushtaki ukatili wa utawala wa Suharto na nchi zilizouunga mkono. Miongoni mwa mamia ya sura zilizomo, mbili zilitumia taswira za chuki dhidi ya Wayahudi: askari mwenye uso wa nguruwe aliyevaa nyota ya Daudi na jina la shirika la ujasusi la Israeli, na mtu mwenye mashavu ya nywele na meno ya mnyama ambaye kofia yake ilikuwa na alama ya SS. Turubai lilifunikwa kwa kitambaa cheusi, na tarehe 21 Juni likashushwa. Taring Padi na ruangrupa waliomba radhi. Ruangrupa walikubali kwamba wao kwa pamoja hawakuziona sura hizo. Mkurugenzi mkuu wa Documenta, Sabine Schormann, aliacha wadhifa wake mwezi Julai. Kabla ya hapo, kwa miezi kadhaa, kulikuwa na tuhuma na mabishano, na baadhi ya washiriki kutoka Palestina walikuwa wamelalamikia vitisho.

Jambo hilo lilijadiliwa kama suala la siasa na la sheria, na ndivyo lilivyostahili. Kwa mwanafunzi wa lugha lina upande wa ziada. Kuonyesha kulifanyika bila kuonya, na bila hata kuona. Taswira ya kale ya Ulaya, iliyotumika kuwaandaa watu kwa mauaji ya mamilioni ya Wayahudi, ilikuwa imesafiri hadi Asia, ikaingia katika msamiati wa wachoraji waliokuwa na hasira halali dhidi ya dikteta wao, kisha ikarudi katika nchi ambayo kila mtoto wa shule hufundishwa kuitambua. Maneno kama medani na sahibu yalisafiri yakabaki na heshima yake. Taswira ile ilisafiri ikabaki na sumu yake. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kassel mgeni alikuja, na mwenyeji akatoneshwa kidonda.

Je, majilisi yalishindwa? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Pale ambapo kila mtu ana neno, ni rahisi kila mtu kudhani mwenzake amekwisha kutazama. Urafiki una tabia ya kuona haya kumuuliza rafiki maswali magumu, na haya hiyo haimsaidii yeyote pale kitu kinapowekwa hadharani kwa ajili ya watu 738,000, ambayo ndiyo idadi ya wageni waliohesabiwa hadi maonyesho yalipofungwa tarehe 25 Septemba. Lakini itakuwa si haki kuutumia mkasa huo kuzifuta kazi za mamia ya wasanii wengine, kama ilivyofanywa na baadhi ya waandishi ambao hawakuonekana kuwa wamepita hata kwenye mlango wa mabati.

Mtunzi na mtunzaji

Mkasa huo unagusa istilahi moja iliyobaki, ile ya mtu anayechagua na kupanga kazi za maonyesho. Jina lake katika lugha za Ulaya linatokana na Kilatini cha kutunza, hivyo mtunzaji ni tafsiri ya moja kwa moja. Sikio la Kiswahili hata hivyo husikia mtunzi nyuma yake, ingawa mizizi ni tofauti: mtunzi anatunga, mtunzaji anatunza. Ugomvi baina ya maneno hayo mawili una historia pale pale Kassel. Mwaka 1972, Harald Szeemann alipoongoza Documenta ya tano, msanii wa Kifaransa Daniel Buren alilalamika kwamba maonyesho yenyewe yanageuka kuwa kazi ya sanaa ya mpangaji, na wasanii wanabaki kuwa rangi zake. Kwa maneno mengine, mtunzaji amejifanya mtunzi. ruangrupa walikataa kuwa watunzi. Kilichoulizwa baada ya turubai kushushwa ni iwapo walikuwa watunzaji.

Neno msanii nalo lina mtego wake. Katika mitaa ya Tanzania usanii ni ulaghai, na kumwambia mtu kuwa ni msanii kunaweza kuwa tusi au sifa kutegemea sauti. Wataalamu hulichukia jambo hilo. Pengine wangelifikiria upya mbele ya kazi ya Walter De Maria ya mwaka 1977, katika uwanja ule ule wa Friedrichsplatz: fimbo ya shaba nyeupe yenye urefu wa kilomita moja iliyozamishwa wima ardhini. Kinachoonekana ni duara lenye kipenyo cha sentimita 5, katikati ya bamba la mawe. Mgeni huambiwa kwamba kilomita nzima ipo chini ya miguu yake. Huo ni usanii kwa maana gani? Yule wa Mombasa anasema haoni kitu. Yule wa Lubumbashi anasema anauona uzito. Sentensi zote mbili ni Kiswahili sahihi, na kitenzi ni kimoja.

Njiani kurudi stesheni wanapita chini ya miti ya Joseph Beuys, aliyeanza mwaka 1982 kupanda mialoni 7,000 mjini humo, kila mti ukiwa na jiwe lake la basalti kando; kazi ilikamilika mwaka 1987, baada ya yeye kufariki. Wengi wa Waswahili wanaufahamu mwaloni kutoka kwenye Biblia tu, na hawajapata kuuona. Kwa mtu wa Mwanza, Mwaloni ni soko la samaki la Kirumba, kwa kuwa mwalo ni mahali pa kupakulia samaki kandokando ya ziwa. Akiambiwa kwamba msanii wa Kijerumani ameujaza mji mialoni 7,000, lazima acheke kwanza. Tena si yote ni mialoni. Beuys alichanganya na aina nyingine za miti, na mawe yao, yaliyokuwa makubwa kuliko miche wakati wa kupandwa, sasa yamepitwa na miti kwa mbali.